Macho ya Vidoleni

Katika maduka makubwa ya nguo za bei nafuu huko Uingereza, mtu aliyelelewa na mitumba hujulikana kabla hajafungua mdomo. Wengine huichukua nguo, wakaipima kifuani mbele ya kioo, wakaitia kapuni. Yeye huigeuza ndani nje. Hupitisha kidole gumba juu ya mshono wa kwapani, huvuta pindo kidogo, huisogeza nguo penye mwanga, na mara nyingi huirudisha pale pale alipoitoa. Kwa dalili hizo tu nimewahi kumsalimu mtu kwa Kiswahili katikati ya Primark, naye akaitikia bila kushangaa, mkono wake ukiwa bado ndani ya soksi.

Wapo wanaouita huo ubahili. Mimi nauona ni ufundi, sawa na ule wa anayegonga chungu kusikia kama kina ufa, na nasikitika kwamba haujapata wa kuusifu.

Maduka hayo yenyewe hayaupendi. Primark ilianzia Dublin mwaka 1969 kwa jina la Penneys, na imekua kwa kushikilia jambo moja: bei iwe chini kiasi kwamba mnunuzi asione sababu ya kusitasita. Mlangoni unapewa mfuko mpana wa kubebea, unaoweza kumeza nguo za familia nzima. Fulana zimerundikwa kwa mamia, zote sare, na mkono hauna cha kutafuta. Ukikosea, umepoteza pauni chache. Nadhani hapo ndipo ujuzi wa kuchagua unapofia, maana jicho halinoleki mahali ambapo kosa halimgharimu mtu.

Kambu kosa lilitugharimu. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ukishapita Kibwezi na kabla ya Mtito Andei, vilima vya Chyulu vikiwa mkono wa kulia. Malori hayalali. Mvua huja ikipenda, na pesa za nguo zilipatikana ndengu zikishauzwa. Ndengu zikikaukia shambani, shati la mwaka jana lilivaliwa tena mwaka huu, na lililochanika mapema lilikuwa hasara ya msimu mzima.

Shangazi yangu aliuza mitumba juu ya turubai, nyuma ya pale malori yanapoegeshwa. Robota la kilo 45 alilinunua Gikomba likiwa limefungwa kwa mikanda, maana kule hulipi baada ya kuona, unaona baada ya kulipa. Likifunguliwa, nguo safi kabisa huitwa kamera na huondoka siku hiyo hiyo. Zinazobaki mwisho ni fagia, na huuzwa kwa bei ya kuzitupa. Riziki yake ilikuwa katikati ya hizo mbili, kwenye nguo ambazo si nzuri waziwazi wala si mbovu waziwazi. Huko ndiko vidole vinakohitajika.

Siku moja alinionyesha shati jeupe la mikono mifupi ambalo mimi ningeliapia kuwa ni pamba. Alilipindua, akatafuta uzi uliolegea ndani ya pindo, akauvuta kwa kucha hadi ukatoka wa urefu wa kidole, kisha akawasha kiberiti. Uzi wa pamba huungua haraka, hunuka karatasi, na majivu yake hupeperuka. Ule ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga kidogo cheusi, kigumu, kilichobaki kati ya kidole na kidole. Akanitilia kishanga hicho kiganjani. "Mwanangu, hili litampika mtu," akasema, na akalihamishia kwenye rundo la watu wanaosafiri kwenda Limuru kwenye baridi. Mwenye kulima Kambu saa saba mchana akiwa ndani ya poliesta hahitaji maelezo zaidi.

Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuwasha kiberiti dukani. Ana lebo, ni kweli, yenye asilimia za pamba na za kisichokuwa pamba, lakini lebo haisemi pamba hiyo ni ya nyuzi fupi au ndefu, wala kama itatoa vinyweleo baada ya kufuliwa mara tatu. Tena kuna jambo nililolielewa nikiwa mbali, ambalo shangazi hakuwahi kulazimika kulijua. Mtumba umekwisha kukiri. Umevaliwa, umefuliwa, umeanikwa, na kila ila iliyokuwa nayo imejitokeza: kola iliyolegea imelegea, rangi ya kutoka imetoka, mshono wa kufumuka umefumuka. Kilichofika Kambu kikiwa kizima kimefaulu mtihani ambao mtu mwingine ndiye aliyelipia ada yake. Nguo mpya dukani ni kama mposaji siku ya kwanza: imepigwa pasi, inanukia, haina neno baya. Kwa hiyo kuichagua nguo mpya ya bei nafuu ni kazi ngumu kuliko kuchagua mtumba, ingawa wote wanadhani kinyume.

Inabidi uilazimishe ikiri pale pale. Fulana iliyokatwa bila kufuata mwelekeo wa kitambaa hujipinda ikifuliwa, na mshono wa ubavuni huhamia tumboni; dukani unaikunja katikati kwa urefu, mshono juu ya mshono, na ikiwa pindo la chini halilingani, usiendelee. Kola unaivuta na kuiachia, ukitazama inarudi au inasinzia. Mistari ya shati ikikutana vizuri kwenye ubavu, jua kuna mtu alikubali kupoteza kitambaa ili ikutane, na asiyekibania kitambaa huenda hakuubania na uzi. Vifungo ndivyo vinavyosema ukweli kuliko vyote. Mashine nyingi hushona kifungo kwa uzi mmoja unaojifunga wenyewe, na ncha yake ikining'inia, mvuto mmoja unatosha kukiangusha chote. Mimi huinunua nguo hiyo ikiwa mengine ni mazuri, nikakishona kifungo upya jioni hiyo hiyo. Zipu mbovu sinunui.

Kuna saa ambapo macho haya ya vidoleni yanaona zaidi ya ubora. Mshono ulioyumba mwishoni mwa mkono wa shati una mtu nyuma yake, mwenye idadi ya vipande vya kufikisha kabla ya saa ya kutoka. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Savar, karibu na Dhaka, na wafanyakazi zaidi ya 1,100 wakafa. Karakana mojawapo humo ilishonea Primark, na nyingine zilishonea majina mengine ya Ulaya na Marekani. Kuchagua nguo vizuri hakukumlipa yeyote kati yao. Lakini mtu anayeupitia mshono kwa kidole hawezi kujifanya kwamba nguo ilijishona, na mwenye kuitupa kapuni bila kuitazama anaweza.

Na huyo mshonaji huenda ni jirani. Tangu sheria ya AGOA ya mwaka 2000 ilipofungua soko la Marekani, viwanda vya Athi River vimeshona suruali na fulana za maduka ya kule, na Athi River iko kwenye barabara ile ile ya Kambu. Fikiria safari ya suruali moja ya namna hiyo. Inateremka kwenda bandari ya Mombasa, kwa lori au kwa reli iliyofunguliwa mwaka 2017, na Kambu inapita tu. Inauzwa Marekani, inavaliwa, inatolewa sadaka, inafungwa kwenye robota. Inarudi Mombasa, inapanda kuelekea Gikomba, inapita Kambu mara ya pili. Mwishowe shangazi anainunua huko huko, na inashuka na basi kutoka Nairobi ikiwa juu ya keria, baada ya mataifa mawili na madalali wasiohesabika kula faida yao.

Ugumu wa ufundi huu unazidi pale unapomnunulia mtu asiyekuwapo. Dada zetu wengi wa Ukambani wanafanya kazi za nyumbani Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu, kwa mikataba ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili. Wakipata nafasi ya kutoka, huenda kwenye maduka kama Max, yaliyoanzia Abu Dhabi mwaka 2004, kumtafutia nguo mtoto waliyemwacha akiwa na miaka minne. Watainunua ya miaka mingapi? Kipimo kilichoandikwa shingoni ni cha mtoto wa wastani, na wao wana mtoto mmoja, mwenye mabega ya babu yake. Zamani nyumbani walituma kamba ya katani yenye mafundo: fundo la kwanza kiuno, la pili kifua, mwisho wa kamba urefu. Siku hizi ni picha ya mtoto amesimamishwa kando ya mlango, na mama huko Riyadh anahesabu mbao. Nimeona nguo zilizonunuliwa kwa hesabu hiyo zikimkaa mtoto vizuri kuliko zile alizopimwa mwilini.

Zisipomkaa, kuna fundi. Wa Kambu hukaa barazani na cherehani ya kukanyaga, na ana chuki ya haki na nguo za maduka haya, hata zikiwa mpya. Kiwandani hukata kitambaa karibu kabisa na mshono ili kila meta itoe nguo nyingi. Ukifumua upate cha kuachilia, hakuna. Mashati ya zamani yalikuwa na akiba ya kidole kizima ndani ya ubavu. Ndiyo sababu anayewanunulia watu wa nyumbani huchukua kubwa kuliko anavyohitaji: kubwa itapunguzwa, ndogo haina dawa. Mwaka 2020 serikali ilipopiga marufuku kuingiza mitumba, kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, turubai za Kambu zilibaki na fagia. Kule Kitui kiwanda cha kaunti, KICOTEC, kilikuwa kikishona barakoa. Fundi wetu alikuwa akikata suruali za baba ziwe za watoto, na kwake miezi hiyo ilikuwa ya mavuno.

Nilipokuwa nikijiandaa kurudi likizo nilimpigia simu nimuulize nimletee nini, nikiwa na uhakika kwamba atataka koti.

"Dada, usiniletee nguo," akasema. "Niletee zipu. Za chuma, za inchi saba, nyeusi na za kahawia."

Nikaenda kuzinunua, na nilizifungua na kuzifunga moja baada ya nyingine pale kwenye kaunta mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia bado natafuta.