Jina na Uzi: Uhakiki wa Ufumaji wa Anni Albers na Jumuiya Yake ya Ubunifu

1.0 Utangulizi

Mwaka 1949, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York liliandaa maonyesho ya kazi za Anni Albers. Hayo yalikuwa maonyesho ya kwanza ya jumba hilo kutengewa mfumaji mmoja pekee. Tangu wakati huo, wahakiki wengi wamemwelezea Albers kuwa ndiye aliyeutoa ufumaji katika daraja la kazi ya mikono na kuupandisha hadi daraja la sanaa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yana kasoro mbili. Kwanza, yanachukulia kwamba ufumaji ulikuwa duni kabla yake. Pili, yanamwonyesha msanii akiwa peke yake mbele ya kitanda cha kufumia, ilhali ujuzi wake ulipitia mikononi mwa watu wengi. Makala haya yanahakiki kazi tatu za Albers, yaani nguo ya ukumbi wa Bernau (1930), Ancient Writing (1936) na Six Prayers (1966–67). Lengo ni kuonyesha jinsi jumuiya ilivyoingia katika muundo wa nguo zenyewe, na kubainisha ni nani katika jumuiya hiyo aliyebaki na jina na ni nani aliyelikosa.

Ni muhimu kufafanua istilahi mapema. Kiswahili hutofautisha kusuka na kufuma. Mkeka husukwa: miyaa hupishanishwa kwa vidole hadi upatikane ukili, kisha ukili hushonwa kuwa mkeka. Nguo hufumwa: nyuzi za urefu, yaani mtande, huwambwa kwanza katika kitanda, kisha uzi wa kukingama, yaani mshindio, hupitishwa kati yake. Makala haya yanatumia neno “kufuma” kwa maana hiyo ya pili. Tofauti hii si ya msamiati tu. Hoja kuu ya Albers katika maandishi yake ni kwamba uzuri wa nguo hutokana na namna mtande na mshindio vinavyokutana, wala si pambo linalobandikwa juu yake baadaye.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo ya wataalamu wawili. Becker (1982) anaiona sanaa kuwa shughuli ya pamoja. Kwa mtazamo wake, kazi ya sanaa huhitaji waandaaji wa malighafi, watengenezaji wa zana, walimu, wanunuzi na watazamaji. Jina la msanii ni matokeo ya makubaliano ya kijamii kuhusu nani miongoni mwa hao apewe sifa. Naye Nochlin (1971), akijadili sababu za kutokuwapo kwa wanawake wengi katika orodha ya wasanii wakuu, anaonyesha kwamba jibu halipatikani kwa kupima vipaji, bali kwa kuchunguza taasisi zilizofungua au kufunga milango ya mafunzo.

Mawazo hayo yanakamilishana, kwa kuwa Becker anaeleza jinsi sifa inavyogawanywa na Nochlin anaeleza jinsi nafasi inavyogawanywa. Hata hivyo, hakuna kati yao anayemwonyesha mhakiki namna ya kuisoma jumuiya ndani ya kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo, uchambuzi ufuatao unaanza na nguo, kisha unarudi kwa watu walioiwezesha.

3.0 Karakana ya Wanawake

Shule ya Bauhaus ilianzishwa mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919 chini ya Walter Gropius, kwa ahadi ya kuwapokea wanafunzi bila kujali jinsia. Baada ya muda mfupi, wanawake wengi walielekezwa katika karakana ya ufumaji. Annelise Fleischmann, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899 na kujulikana kama Anni Albers baada ya kuolewa na Josef Albers mwaka 1925, aliingia shuleni hapo mwaka 1922. Alitamani karakana ya vioo. Ufumaji aliupokea bila shauku, kwa kuuona kuwa kazi laini mno.

Mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ukawa njia ya lazima. Lakini karakana hiyo haikuwa na mwalimu aliyeujua ufumaji kwa kina. Georg Muche, aliyesimamia upande wa umbo, alikuwa mchoraji. Wanafunzi wakalazimika kufundishana. Gunta Stölzl na Benita Otte walikwenda Krefeld kusomea utiaji rangi na mbinu za kufuma, kisha wakarudi na ujuzi huo kwa wenzao. Stölzl, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi hapo awali, ndiye aliyeiongoza karakana hiyo Dessau kuanzia mwaka 1927 hadi 1931. Hivyo, mahali palipokusudiwa kuwatenga wanawake paligeuzwa na wanawake hao kuwa shule ndani ya shule.

Matokeo ya malezi hayo yanaonekana katika nguo ya Bernau, kazi iliyomwezesha Albers kupata stashahada yake mwaka 1930. Nguo hiyo ilikusudiwa kwa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi iliyosanifiwa na Hannes Meyer. Ukumbi ulikuwa na tatizo la mwangwi. Albers alifuma nguo yenye nyuso mbili: upande wa mbele aliingiza selofani ili iakisi mwanga, na upande wa nyuma akatumia uzi wa shenili wenye manyoya ili ufyonze sauti. Nguo hiyo haina picha wala hadithi. Maana yake imo katika kazi inayoifanya, na kazi hiyo imo katika muundo wake.

Utatuzi huo ni wa Albers, na hakuna sababu ya kumnyang'anya. Hata hivyo, fikra iliyouzaa ilikuwa ya karakana nzima. Katika miaka ya Dessau, wafumaji wa Bauhaus waliacha kuifanya nguo iige mchoro, wakaanza kujaribu malighafi mpya kwa ajili ya majengo na viwanda. Swali la “nguo hii inafanya nini?” lilikwisha kuulizwa na wengi kabla Albers hajalijibu kwa namna yake.

4.0 Black Mountain na Walimu Wasio na Majina

Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kwa shinikizo la utawala wa Wanazi. Albers, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, aliondoka pamoja na mumewe kwenda Marekani, walikoalikwa kufundisha katika Chuo cha Black Mountain, North Carolina. Walikaa hapo hadi mwaka 1949. Kuanzia mwaka 1935 walisafiri mara nyingi kwenda Mexico, na Albers alizidi kuzama katika nguo za kale za Amerika ya Kusini, hasa za Peru.

Safari na masomo hayo yalibadili ufundishaji wake. Aliwataka wanafunzi waanze pasipo kitu, kana kwamba wako katika ufuo mkavu wa Peru ya kale na wanapaswa kubuni kila zana wenyewe. Aliwafundisha kutumia kitanda chepesi ambacho ncha moja hufungwa mtini au kwenye nguzo na ncha nyingine kiunoni mwa mfumaji, hivyo kwamba mwili wake ndio unaokaza mtande. Kwa Albers, zana hiyo haikuwa hatua ya nyuma katika maendeleo. Ilikuwa ushahidi kwamba mafundi wa kale walifikia upeo ambao mashine haijaupita.

Kazi ya Ancient Writing inapaswa kusomwa kwa msingi huo. Jina lake linamaanisha “maandishi ya kale”, lakini hakuna herufi inayosomeka ndani yake. Maumbo ya pembe nne yamepangwa juu ya uwanja wa giza kama maneno katika ukurasa. Albers alishikilia kwamba katika Peru ya kale, ambako hapakuwa na maandishi ya herufi, nguo ndiyo iliyobeba maana. Kazi hii, basi, si mwigo wa mapambo ya watu wengine. Ni madai ya kinadharia yaliyotolewa kwa uzi: kwamba kufuma ni namna ya kuandika.

Hapa ndipo suala la jina linapojitokeza kwa uzito. Kitabu chake On Weaving cha mwaka 1965 kimetabarukiwa kwa wafumaji wa Peru ya kale, ambao Albers anawaita walimu wake wakuu. Ni heshima ya kweli, tena adimu kwa wakati wake. Lakini ni heshima isiyo na mtu mmoja anayetajwa, kwa kuwa majina ya mafundi hao hayakuhifadhiwa. Pengo hilo linaonekana pia katika mkusanyo wa nguo alioufanya kwa ajili ya chuo. Mkusanyo huo ulipewa jina la Harriett Engelhardt, mwanafunzi wake aliyefariki. Jina la mwanafunzi limedumu, na jina la mkusanyaji limedumu. Waliofuma nguo zenyewe hawatajwi. Albers hakuliumba pengo hilo, lakini umaarufu wake ulisimama juu yake.

5.0 Six Prayers: Uzi kwa Wasiotajwa

Mwaka 1931, Stölzl alipoondoka Bauhaus, karakana iliongozwa kwa muda na Otti Berger, mfumaji mwenzao. Berger alielewa mapema thamani ya jina: alidai nguo zake zitambulike kuwa zake, na alipata hataza za baadhi ya vitambaa alivyobuni. Naye alikuwa Myahudi. Hakufanikiwa kufika Marekani, na mwaka 1944 aliuawa Auschwitz. Wanawake wawili waliotoka karakana moja waliachana njia: mmoja alipata viza, mwingine hakupata. Tofauti hiyo haikuwa ya kipaji.

Six Prayers, yaani “sala sita”, ilifumwa kwa agizo la Jumba la Makumbusho ya Kiyahudi la New York ili kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa. Ni vipande sita virefu na vyembamba, vilivyofumwa kwa pamba, kitani, nyuzi za magome na uzi wa fedha. Umbo lake linakumbusha gombo la Torati, na pia jiwe la kaburi. Juu ya msingi wa mtande na mshindio, uzi mwingine unatangatanga, unapinda, unarudi nyuma na kuendelea, kama mwandiko wa mkono usiosomeka.

Si sahihi kudai kwamba kazi hii ilimlenga Berger. Agizo lake lilikuwa pana zaidi. Jambo linaloweza kuthibitishwa katika nguo yenyewe ni namna ilivyolikabili tatizo la jina. Milioni 6 hawawezi kutajwa mmoja mmoja katika vipande sita vya nguo. Albers hakuandika majina machache yawakilishe mengine, wala hakufuma sura za watu. Aliutumia mwandiko aliojifunza kwa walimu wasio na majina, ule wa Ancient Writing, kuwaombea watu walionyang'anywa majina. Uzi unaotangatanga hauwezi kuondolewa bila kuharibu kipande kizima, kwa kuwa umeshikwa na nyuzi zinazoupita juu na chini. Kila uzi unabaki na njia yake, na hakuna unaosimama peke yake.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba ubunifu wa Anni Albers haukuzaliwa nje ya jumuiya. Nguo ya Bernau ilitokana na maswali ya karakana; Ancient Writing ilitokana na mafundi wa kale; na Six Prayers iliyageuza mafunzo hayo kuwa kumbukumbu ya watu. Kusema hivyo hakupunguzi hadhi yake. Kunaionyesha mahali ilipo: katika uwezo wa kupokea ujuzi wa wengine, kuuendeleza na kukiri deni hadharani. Upungufu uliobaki ni wa wahakiki, ambao wamerithi jina moja na kuliacha deni.

Suala hili linawagusa pia watafiti wa sanaa za Afrika Mashariki. Mikeka, vikapu na kawa katika makumbusho mengi huandikiwa jina la kabila au la mahali, na mara chache hutajwa jina la mwanamke aliyesuka. Tofauti kati ya wasusi hao na wafumaji wa Peru ya kale ni moja na ni kubwa: wengi wao wako hai na wanaweza kuulizwa. Utafiti unaopima urefu wa mkeka, ukaeleza rangi zake, kisha ukaondoka bila kuuliza na kuandika jina la msusi pale aliporidhia litajwe, unatengeneza leo pengo ambalo wahakiki wa kesho hawataweza kuliziba.