Karatasi za Maigizo na Lugha Zake

Katika Marekani na Uingereza wako watu wanaokusanya karatasi zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya televisheni: barua, magazeti, wosia na hati, ama nakala za vitu hivyo. Kipimo chao kikuu ni kufanana: je, karatasi hii ni sawa na ile iliyoonekana? Makala haya yanadai kwamba kwa mhakiki wa maigizo ya Kiswahili kipimo hicho hakitoshi.

Tumchukue mtazamaji wa Katelembo, karibu na mji wa Machakos. Nyumbani huzungumza Kikamba. Mchezo anaoutazama ni wa Kiswahili. Hati ya shamba lake, iliyohifadhiwa sandukuni, ni ya Kiingereza. Katika Vioja Mahakamani, mchezo ulioonyeshwa kwa miaka mingi na Shirika la Utangazaji la Kenya, mashtaka husomwa kwa Kiswahili. Maandishi yaliyomo mkononi mwa msomaji hadhira haiyaoni. Kwake yeye, sauti ndiyo hati. Mkusanyaji akiichukua karatasi na kuiacha sauti, amebeba ganda tu.

Huenda msomaji akasema kwamba karatasi ni pambo la fani, haina uzito katika maudhui. Tuazime mfano wa jukwaani. Katika Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, iliyochezwa Kamiriithu mwaka 1977 na kupigwa marufuku mwaka uo huo, hati ya ekari moja na nusu ndiyo fahari ya Kiguunda. Hati hiyo inawekwa rehani ili kupata mkopo wa benki, na shamba linapotea. Bila karatasi hiyo mgogoro wa tamthilia hauna mahali pa kushika. Hapa fani na maudhui ni kitu kimoja.

Aidha, kufanana kuna hatari yake. Penye watu wanaonunua vipande vya ardhi kwa akiba ya maisha, nakala iliyo sawa kabisa na hati ya serikali ikitoka jukwaani na kuingia sokoni hugeuka kuwa hila. Nakala njema, basi, ni ile inayokiri usoni pake kwamba ni ya maigizo.

Yafaa karatasi hizi zikusanywe, lakini pamoja na mswada wa mchezo na sauti ya msomaji wake, na lugha yake iandikwe katika orodha. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mtengenezaji wa karatasi za maigizo hafungwi na mazoea ya ofisi: aweza kuandika leo hati ya Kiswahili ambayo mtu wa Katelembo ataisoma mwenyewe, bila mkalimani. Mkusanyo wa namna hiyo utatuonyesha kama watunzi wetu wamewahi kuiwaza sheria ikisema lugha ya hadhira yao.