Jiwe Lisilo na Uso

Kila asomaye Biblia amekwisha kukutana na miungu wake wa kale. Amesoma habari za Ashtorethi wa Wasidoni, ambaye Sulemani alimfuata katika uzee wake, na habari za Artemi wa Waefeso. Lakini jinsi ibada za namna hiyo zilivyoshika maisha ya watu wa kawaida, nani aliziogopa na nani alifarijiwa nazo, hayo hatuelezwi kwa urefu. Nimesoma kitabu kimoja cha Kiingereza kinachojaribu kuyaonyesha kwa njia ya hadithi, nami nataka kukipima mbele yenu.

Kitabu hicho kinaitwa "Till We Have Faces", yaani "Mpaka Tutakapokuwa na Nyuso". Mtungaji wake ni C. S. Lewis, nacho kilitolewa mwaka 1956, miaka saba kabla ya kufa kwake. Shina la hadithi si lake. Apuleius, mtu wa Madauros katika nchi iitwayo leo Algeria, aliiandika kwa Kilatini katika karne ya 2. Basi mbegu ya kisa hiki ilitunzwa na mwana wa Afrika. Lewis ameichukua na kuipanda katika Glome, ufalme mdogo wa kubuni ulio nje ya nchi ya Wayunani.

Watu wa Glome humwabudu Ungit, mungu mke wa mapenzi, yeye ambaye Wayunani humwita Aphrodite. Sanamu yake ni jiwe kubwa lisilo na uso. Nyumba yake ina giza, nayo inanuka damu, mafuta yaliyoungua na uvumba. Humo wamo wasichana waliotolewa kwake, nyuso zao zimepakwa rangi hata zimekuwa kama vinyago. Kuhani wake huvaa ngozi na kinyago chenye umbo la kichwa cha ndege, na mfalme mwenyewe humwogopa.

Tusidhani kwamba kazi ya ibada hii ni kutisha tu. Kila mwaka kuhani hufungiwa ndani ya nyumba ya Ungit, na adhuhuri hutoka kwa kupigana kwa panga za mti, mfano wa mtoto azaliwaye. Hapo makutano hupiga kelele za furaha, na wakulima wawili waliogombana miaka mingi husahau ugomvi wao kwa kitambo kile. Basi Ungit huwafanya watu wa Glome kuwa watu wamoja. Lakini yeye yule, njaa na tauni na ukame vinapoingia nchini, hudai mtu. Kura inamwangukia Psyche, binti mdogo wa mfalme, naye anafungwa mtini juu ya mlima. Usiku ule ule mvua inanyesha. Watu wanashukuru, na binti amekwenda. Hivyo ndivyo mtungaji anavyotuonyesha nguvu ya ibada ya namna hii. Haikai juu ya uongo wa makuhani peke yake. Inakaa juu ya haja ya watu, na hofu yao, na radhi yao ya kumwacha mmoja aangamie ili wengine wapone.

Yumo pia mtumwa wa Kiyunani, mwalimu wa binti za mfalme, aitwaye Mbweha. Yeye huyacheka yote haya na kuyaita upuzi. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilimpenda mara moja, kisha nikaaibika. Maana baadaye kuhani mpya anasimamisha sanamu nzuri ya Kiyunani karibu na jiwe la kale, na mwanamke maskini anaingia akilia, amechukua njiwa. Anaipita sanamu nzuri, anakwenda kulala kifudifudi mbele ya jiwe, kisha anainuka ametulia. Sanamu ile, asema, ni ya wakubwa na wenye elimu, haina faraja. Sisi tuliosoma tungefaa kuisoma sehemu hiyo mara mbili. Tumezoea kucheka mizimu ya wazee wetu bila kuuliza walikuwa wakilia nini walipokwenda huko.

Lakini kiini cha kitabu ni Orual, dada mkubwa wa Psyche, ambaye ndiye asimuliaye. Yeye humchukia Ungit kwa kuwa amemla ndugu yake. Hata hivyo, anapomkuta Psyche yu hai na ana furaha na mume asiyeonekana, hawezi kumwacha. Anajichoma mkono kwa kisu, anatisha kumwua Psyche na kujiua mwenyewe, hata binti yule anavunja amri ya mumewe na kufukuzwa. Miaka inapita. Orual, sasa malkia, anamchosha jemadari wake mwaminifu kwa kazi hata anakufa, na mjane wake anamwambia malkia wazi kwamba amemla mume wake. Ndipo Orual anapojitambua katika ndoto: Ungit ni yeye. Jiwe lile lilikuwa limekaa kifuani mwake, likiitwa upendo.

Kasoro ninayoiona ni moja. Wale wasichana wa Ungit, walioliwa kuliko wote, hatusikii hadithi yao kutoka vinywani mwao. Orual anawahurumia kwa maneno machache, kisha anaendelea na habari zake mwenyewe. Mtungaji aliyejua sana malkia alaye watu angaliweza kumpa msichana mmoja ukurasa wake.

Hata hivyo kitabu kilinikamata. Nilikuwa na mwanafunzi hodari aliyehitaji barua yangu ili aende chuo cha mbali. Niliikawiza barua hiyo majuma mengi. Nilisema moyoni kwamba bado ni mtoto, na kwamba kijiji kinamhitaji. Kweli ni kwamba mimi nilitaka abaki chini ya mkono wangu, aniitikie asubuhi na jioni. Nilipofika penye ndoto ya Orual nilifunga kitabu, nikaiandika barua usiku ule.

Sulemani alipoamuru mtoto akatwe vipande viwili, alimjua mama wa kweli kwa neno moja: alikuwa tayari kumwachilia ili aishi. Kipimo hicho kinatutosha hata leo. Jiwe la Glome ni la hadithi, lakini mzazi, mume, mke au mwalimu asemaye "nakupenda" huku akifunga mlango, na ajiangalie uso wake. Huenda akakuta hana.