ʻImiloa: kituo kinachotoa majina

Mwaka wa pili wa agronomia, kwenye kozi ya pedoloji, profesa aliandika maneno mawili kwenye tablo: pahoehoe na aa. La kwanza ni lava inayotembea laini, ikipoa inabaki imejikunja kama kamba. La pili ni lava ya miba-miba, ile inayokula viatu. Tuliandika, tukakariri, tukapita mtihani. Wengi wetu tuliamini ni Kilatini. Na tulikuwa Goma, bwana! Tumekaa juu ya lava, kuta za majirani zimejengwa kwa makoro, na Nyiragongo iko pale inatoa moshi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maneno yale yalitoka wapi.

Yalitoka Hawaii. Ni maneno ya Kihawaii, lugha ya wenyeji wa visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanayatumia, hata wakieleza mawe ya kwetu. Nilikuja kulijua hilo kisha lisansi, nilipoanza kufuata programu za ʻImiloa, kituo cha astronomia na utamaduni kilichoko mji wa Hilo, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Leo nataka kuikosoa programu ile, kwa wema na kwa ukali, juu iko na kitu inatuambia sisi wenye diplome. Hilo sijafika. Ninachokosoa ni wazo, na namna wazo lile linavyopangwa kwenye kalenda ya mwaka.

Kwanza, kituo chenyewe. Kilifunguliwa Februari 2006 na kiko chini ya Chuo Kikuu cha Hawaii cha Hilo. Sehemu kubwa ya pesa ya kukijenga ilitoka NASA, kwa msukumo wa seneta Daniel Inouye. Jengo liko na pia tatu za titani, zinazosimamia milima mitatu ya kisiwa: Mauna Kea, Mauna Loa na Hualālai. Maelezo ya ndani yameandikwa kwa lugha mbili, Kihawaii na Kiingereza. Hapo usipite haraka. Mwaka 1896, kisha ufalme wa Hawaii kupinduliwa, sheria ilikataza Kihawaii kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Lugha ile ilirudishiwa heshima ya kuwa lugha rasmi mwaka 1978 tu, na mwaka 1984 wazazi wakafungua shule za kwanza za watoto wadogo zinazofundisha kwa Kihawaii, Pūnana Leo. Kwa hiyo maandishi ya Kihawaii kwenye ukuta wa kituo cha sayansi hayako pale kwa kupendezesha watalii. Ni kitu kilichozikwa kikarudi kinatembea.

Kalenda yao imejaa vitu vya kawaida vya kituo kama hiki: maonyesho ya planetariamu, yaani ule ukumbi wenye dari la mviringo ambamo anga zima linaonyeshwa juu ya vichwa vyenu, maongezi ya jioni na wataalamu wa darubini za Mauna Kea, kambi za watoto wakati wa likizo, ziara za bustani. Juma la kisha Pasaka, mji mzima wa Hilo unapokuwa kwenye tamasha la hula la Merrie Monarch, kituo nacho kinaleta walimu wa hula na wanamuziki wake.

Mtu wa haraka atasema: hula na darubini vinahusiana wapi? Si ni kuchanganya mambo ili kuuza tiketi? Nami niliwaza hivyo. Lakini tamasha lile limepewa jina la utani la mfalme Kalākaua, aliyerudisha hula hadharani kisha wamisionari kuipiga vita. Na ni Kalākaua huyohuyo aliyewakaribisha wanaastronomia Waingereza Honolulu mwaka 1874, walipokuja kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Mwaka 1889 akachapisha Kumulipo, utenzi wa uumbaji wenye mistari zaidi ya elfu mbili, unaohesabu viumbe kuanzia gizani, vidudu vya baharini, samaki, ndege, hadi watu. Kwa mfalme yule, ngoma, utenzi na darubini vilikaa kwenye meza moja. Ni sisi tuliofundishwa kuvitenganisha: sayansi asubuhi kwa Kifaransa, utamaduni jioni kwenye harusi.

Sasa nifike kwenye programu ninayoiona kuwa moyo wa kituo. Inaitwa A Hua He Inoa, na kazi yake ni kutoa majina ya Kihawaii kwa vitu vinavyogunduliwa angani na darubini za Hawaii. Oktoba 2017, darubini iliyoko mlima Haleakalā ilikamata kitu cha ajabu kinapita, cha kwanza kujulikana kuwa kimetoka nje ya mfumo wa jua letu. Kilipewa jina ʻOumuamua, mjumbe wa kwanza kutoka mbali. Tarehe 10 Aprili 2019 ilitangazwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi M87. Darubini nane za dunia zilishirikiana, mbili kati yao ziko Mauna Kea. Profesa Larry Kimura, mwalimu wa Kihawaii pale Hilo, aliingia ndani ya Kumulipo akatoa jina Pōwehi: giza lenye kina, lililopambwa, lisiloisha kuumba. Utenzi wa mababu ulikuwa na neno tayari kwa kitu ambacho hakuna jicho la mtu lililokuwa limekiona.

Lakini kinachonigusa zaidi ni wanafunzi. Vijana wa shule za Kihawaii walikalishwa pamoja na wanaastronomia na walimu wa lugha, wakapewa vitu viwili visivyo na jina zuri. Kimoja ni jiwe la angani linaloshiriki njia ya Jupita, lakini linazunguka kinyumenyume. Kabla ya kulipa jina, ilibidi waelewe mwendo wake. Wakaliita Kaʻepaokaʻāwela, yaani mtundu mwenzake Jupita anayeenda kinyume. La pili linaisindikiza dunia yetu kama mwezi wa uongo, wakaliita Kamoʻoalewa. Mwaka 2025 China ilirusha chombo Tianwen-2 kwenda kuchukua mchanga wa Kamoʻoalewa. Wahandisi wa China, wakubwa na vifaa vyao, wanalazimika kutamka jina lililotoka midomoni mwa wanafunzi wa visiwani.

Hilo ndilo sifa yangu ya kwanza kwa ʻImiloa: lugha pale inapewa kazi. Mahali pengi "kuhifadhi utamaduni" ni kuuweka kabatini na kuufungua siku ya sherehe. Pale lugha inaingia maabara, inaelewa jambo jipya, inatoka na neno. Mtoto aliyetoa jina lile hatasahau maisha yake yote ni kitu gani kinachozunguka kinyume. Jina zuri ni somo lililofupishwa.

Sifa ya pili: planetariamu yao haichezei nyota tu. Mababu wa Wahawaii walivuka Pasifiki kwa mitumbwi wakifuata nyota na mawimbi. Elimu ile ilipotea karibu kabisa. Mwaka 1976 mtumbwi Hōkūleʻa ulipotaka kwenda Tahiti bila vyombo vya kisasa, Wahawaii walilazimika kuazima mwalimu, Mau Piailug, kutoka kisiwa kidogo cha Satawal, mbali sana magharibi. Kwao hakukuwa tena na mtu. Mtumbwi ulifika, vijana wakajifunza, na mwaka 2015, ukizunguka dunia, Hōkūleʻa ulifika mpaka Cape Town, Afrika Kusini. Kwa hiyo mtoto anayekaa chini ya dari lile anaonyeshwa ramani ambayo wakubwa wake waliitumia kwelikweli, na ambayo nusura ife.

Kati ya nyota hizo kuna kundi dogo wanaloliita Makaliʻi. Likianza kuonekana mashariki jua likizama, karibu na Novemba, ni majira ya Makahiki yanafika: kupumzisha vita, kutoa mazao, kushukuru. Nilipolisoma hilo nilitafuta kundi lile linaitwaje kwa Kiswahili. Sha, niliona haya! Linaitwa Kilimia. Ni kutoka neno "kulima". Watu wa pwani, waliotuletea lugha hii tunayoandika, walilima kwa kutazama nyota zile. Mimi niko na lisansi ya agronomia, nimezaliwa katika Kiswahili, na neno la kilimo lililoko angani nilifundishwa na Wahawaii.

Basi, sifa zimetosha. Sasa ukosoaji.

Kosa la kwanza ni mlima. Mwaka 1968 serikali ya Hawaii ilikodisha ardhi ya kilele cha Mauna Kea kwa Chuo Kikuu cha Hawaii kwa miaka 65. Darubini zikaongezeka hadi 13. Kwa Wahawaii wengi kilele kile ni mahali patakatifu. Ulipokuja mradi wa darubini kubwa zaidi, ya kioo cha mita 30, watu walisema imetosha. Julai 2019 wazee walikaa barabarani kuzuia mashine, polisi wakawakamata. Na ʻImiloa ni mtoto wa chuo kilekile kilichoshika mkataba wa mlima. Kwa hiyo kila tamasha lake linabeba swali hata likinyamaza: je, utamaduni umealikwa ndani ili ujibu, au ili upambe? Kumpa mtu nafasi ya kutoa jina la shimo jeusi ni heshima. Kumpa nafasi ya kusema "hapana" kuhusu mlima wake ni mamlaka. Hivyo viwili si kitu kimoja. Ilipofika 2022, sheria mpya iliunda mamlaka nyingine ya kuusimamia mlima, ambamo wenyeji wenye mila zao wana viti. Lakini kiti kile kililetwa na wazee waliokaa barabarani. Kalenda ya maonyesho, hata ikiwa nzuri namna gani, haikukileta. Kama ningekuwa napanga programu ya Hilo, mgogoro wa Mauna Kea ungekuwa na jioni yake kila mwaka, na wazee wale wangekaa mbele, karibu na wanaastronomia, bila muziki wa kutuliza roho.

Kosa la pili linanigusa kama mtu wa shamba. Nje ya jengo kuna bustani ya mimea ya asili na ile mababu waliyokuja nayo kwenye mitumbwi: ndizi, miwa, mishelisheli, na kalo, yaani yale mateke yetu. Kwa Wahawaii kalo ni kaka mkubwa wa binadamu: mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, wakamzika, kaburini ukaota mmea, mtoto wa pili ndiye mtu. Mkulima aliyelelewa na hadithi ile haoni shamba kama kiwanda. Wana pia kalenda ya mwezi, kila usiku na jina lake, usiku wa kupanda na usiku wa kuacha jembe. Lakini katika kituo kama hiki anga ndiyo bibi-harusi, na bustani inabaki msindikizaji. Wakati Hawaii ya leo inaleta chakula chake kingi kwa meli na ndege! Nyota hazitashiba mtu. Tena hapo ndipo ndoa ya sayansi na mila ingepimwa kweli. Je, kalo iliyopandwa usiku mzuri inazidi iliyopandwa usiku mbaya? Panda pande zote mbili, misimu mitatu, pima, soma matokeo mbele ya wazee. Mila ikishinda, sayansi imejifunza. Ikishindwa, wazee wenyewe watakuwa na la kusema, juu nao walikuwa watazamaji kabla yetu. Kuheshimu elimu ya mababu ni kuiuliza maswali pia. Kuisifu tu bila kuiuliza ni kuifanya mtoto.

Nimewakosoa Wahawaii, sasa nijikosoe.

Nilipokuwa kwenye staji katika mradi mmoja upande wa Kalehe, tulipeleka aina mpya ya maharagi. Siku ya kutembelea shamba nilieleza mavuno, ugonjwa, siku za kukomaa. Mama mmoja akaniuliza: "Mutoto yangu, hii maharagi jina yake ni nani?" Nikamtajia herufi tatu na namba. Wamama wakacheka. Niliporudi kisha wiki chache, walikuwa wameyaita Haichelewi, kwa kuwa yanakomaa kabla njaa haijafika. Walifanya kile kile walichofanya vijana wa Hilo: walitazama mwenendo wa kitu, wakakielewa, wakakipa jina linalofundisha. Hakuna aliyewalipia konferansi.

Na mimi? Katika ripoti yangu niliandika herufi na namba. Haichelewi sikuiandika popote. Niliona si lugha ya ripoti.

Ndiyo maana sisemi tungoje titani na pesa za NASA. Ripoti tunaandika kila mwaka, na ndani yake kuna nafasi ya neno moja zaidi. Makoro yetu yanaitwa kwa Kihawaii kwenye silabusi juu Wahawaii waliyatazama mawe yao wakayataja, na kuna mtu aliyeandika walichosema. Wamama wa Kalehe nao wametaja. Aliyekuwa na bulokinoti mkononi ni mimi.