Siga, Wembe na Hewa Kavu ya Nairobi

Ufa ulianzia kichwani, pale wembe ulipopita, ukashuka taratibu ubavuni hadi karibu na pete ya karatasi. Ilikuwa alasiri ya Februari, barazani kwa rafiki yangu mtaani Lavington. Siga yenyewe ilikuwa imelala kwenye droo ya meza wiki mbili, ndani ya nailoni yake. Mwenyeji wangu aliulaumu wembe. Tukaujaribu kwenye ukurasa wa gazeti: ulipita bila kuivuta karatasi. Wembe haukuwa na kosa. Jani ndilo lililokuwa limekauka hadi kuwa kama ganda la kitunguu, na ganda kavu la kitunguu halikatiki, linavunjika.

Nazungumzia siga, ile ya majani matupu yaliyoviringishwa kwa mkono, isiyo na karatasi wala kichungi kama sigara. Kichwa chake huja kimezibwa, na lazima kifunguliwe kabla ya kuwashwa. Ukiuliza Westlands au Kilimani ni mkato upi ulio bora, aghalabu utajibiwa kwa kutazama unene wa siga, au kwa kutazama kifaa kilichopo mfukoni mwa anayejibu. Mimi nashikilia jambo jingine. Katika jiji hili, unyevu wa jani siku hiyo ndio unaoamua mkato. Unene hufuata. Mazoea ya mvutaji huja mwisho.

Tukitazame kichwa kwanza. Katikati ya siga kuna majani ya moyo, yanashikwa pamoja na jani la kufunga, kisha juu kabisa linapita jani la nje, jembamba na laini kuliko yote. Mviringishaji akifika mwisho hukiziba kichwa kwa kipande cha jani hilohilo la nje, akakibandika kwa gundi ya mimea isiyo na ladha. Hiyo ndiyo kofia. Siga za Kuba kwa desturi huvikwa kofia ya mizunguko mitatu, na ukizigeuzageuza kwenye mwanga utaiona mistari yake, myembamba kama unyoya. Kofia haikuwekwa kwa urembo. Ndiyo inayolizuia jani la nje lisifumuke, kama pindo la kanga linavyoizuia nguo isichambuke. Kila mbinu ya kukata, iwe ya wembe, ya mkasi au ya kitoboleo, naiuliza swali moja tu: je, imefungua tundu la kutosha bila kuvuka pindo?

Mpaka wenyewe hauhitaji rula. Kichwa cha siga kimeviringana, kisha kinafika mahali kinaacha kupinda na kuwa ubavu ulionyooka. Hapo ni begani. Kata juu ya bega, milimita 1.5 hadi 2 kutoka nchani, na kofia itabaki imeshika. Ukishuka chini ya bega umekata uzi wa pindo, na jani litaanza kufunguka mdomoni kabla siga haijafika nusu.

Sasa tundu. Unene wa siga hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Namba 42 ina upana wa milimita 16.7, namba 50 ni milimita 19.8, na zile nene za namba 60 zinakaribia milimita 23.8. Chukua robusto, ambayo ni namba 50. Wembe mnyoofu ukipita juu ya bega huacha tundu la upana wa milimita 15 hivi, yaani eneo la milimita za mraba 177. Kitoboleo cha milimita 8, kile kidogo cha mviringo ambacho wengi hukining'iniza kwenye shada la funguo, huacha eneo la milimita za mraba 50. Moshi uleule unapitishwa kwenye mlango usiofika hata theluthi ya ule wa kwanza. Mvutaji hulazimika kuvuta kwa nguvu, kaa la moto linapanda joto, na lami pamoja na unyevu wa moshi vinajikusanya kwenye ukingo wa kitundu. Uchungu ambao watu huusingizia tumbaku mara nyingi umezaliwa hapo.

Mkato wa V uko katikati ya hayo mawili. Wembe wake huchimba mfereji katikati ya kofia, na kwa kuwa kuta za mfereji zimelala mshazari, majani mengi ya moyo hubaki wazi bila kofia yote kuondoka. Kwenye siga nene unakaa vizuri. Kwenye namba 42 mfereji huohuo hushuka mno na kumega pindo. Mkasi wa siga nauacha kwa wenye mkono uliozoea: vidole vikipishana kidogo tu, nyembe zake husokota kofia badala ya kuikata. Siga zenye ncha iliyochongoka, kama Montecristo No. 2 yenye namba 52 na urefu wa milimita 156, hazina mjadala. Kitoboleo hakina pa kukaa, kwa hiyo zinakatwa kwa wembe mnyoofu, kidogo kidogo, hadi mvuto utoshe.

Kuna pia mbinu ya kijiti. Winston Churchill, aliyepita Nairobi mwaka 1907 akitokea Mombasa kwa gari la moshi, inasimuliwa kwamba hakupenda kukata. Alikilowesha kichwa na kukitoboa kwa kijiti kirefu cha kiberiti. Kijiti hakiondoi chochote. Huyasukuma majani ndani na kuyabananisha, na moshi unapata njia moja nyembamba yenye kuta ngumu. Simshauri mtu.

Hadi hapa ningeweza kuwa naandika kutoka mji wowote. Nairobi inaanza kujitofautisha kwenye hewa.

Idara ya Hali ya Hewa ina makao yake makuu Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, na hapo uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari mawingu hutawanyika, jua la alasiri linachoma, na unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 50. Siga inataka kukaa kwenye asilimia 65 hadi 70. Ije Julai, jiji linajifunika mawingu, watu wanavaa sweta hadi saa sita mchana, na hewa ya asubuhi unaisikia imelowa. Droo ileile ya Lavington itakupa siga mbili tofauti kabisa kwa kutegemea mwezi ulioifungua.

Mbaya zaidi ni siga inayosafiri. Ukiwa Mombasa, jani hunywa unyevu wa bahari likavimba. Ipandishe kwenye treni asubuhi, jioni iko Kileleshwa. Kwa kuwa jani la nje ni jembamba na ndilo linalogusa hewa, litaanza kukauka na kunywea wakati majani ya moyo bado yamevimba. Limewambwa kama ngozi ya ngoma juu ya mzinga uliotuna. Hapo ndipo ufa wa Februari unapozaliwa, siku kadhaa kabla ya wembe. Wembe unakuja kuufungulia njia tu. Jani la Kameruni, linalosifika kwa ladha yake na linalojulikana pia kwa wembamba na wepesi wa kupasuka, huadhibiwa kuliko mengine.

Ukishaiona ngozi ile imewambwa, mbinu zinajipanga zenyewe. Kitoboleo hukandamiza na kusokota katikati ya kofia, na ngozi iliyokazwa hupasuka kuanzia ukingo wa duara. Mkato wa V una pembe mbili kali, na fundi yeyote wa ujenzi atakuambia kwamba ufa wa ukuta huanzia kwenye kona ya dirisha. Kikatio cha wembe mmoja huisukuma siga dhidi ya ukuta wa pili na kuiponda kabla hakijaikata. Kikatio cha nyembe mbili huingia kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, jani likiwa limeegemezwa huku na huku, na kinatoka na duara safi. Kwa hiyo Januari na Februari jibu langu ni hilo hata kwa siga nene: nyembe mbili, mkato usiozidi milimita 1.5, baada ya kukilowesha kichwa.

Miezi ya unyevu mambo hugeuka. Jani linakubali chombo chochote, na wapenzi wa kitoboleo huona wamethibitishwa. Lakini moyo wa siga nao umevimba, njia za hewa zimebana, na kuupa moshi tundu dogo wakati huo ni kuuongezea dhiki. Mkato mnyoofu hadi milimita 2, au V kwa zile za namba 54 kwenda juu, ndiyo inayofaa. Kitoboleo nakipa nafasi kwenye siga nene iliyotunzwa vizuri na kuviringishwa bila kubanwa, ambapo mvuto ni mwepesi mno na unahitaji kupunguzwa.

Utajuaje hali ya jani? Kidole kinatosha. Bonyeza polepole karibu na mguu wa siga, ule upande wa kuwashia. Jani zuri hunywea na kurudi. Kavu hulia kama jani la mgomba lililoanguka. Lililolowa hubaki na alama ya kidole. Mwenye kipimaunyevu kidogo akikague kwanza: weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito, uifungie na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ulale. Asubuhi kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75, kwa kuwa chumvi iliyolowa hivyo huishikilia hewa ya ndani kwenye kiwango hicho. Kikisoma 70, unajua kinakudanganya kwa 5.

Kukata kwenyewe ni kazi ya nusu dakika, na nusu dakika hiyo ina mpangilio. Kiloweshe kichwa kwa midomo au kwa kidole safi chenye maji, usubiri kofia ilegee. Laza kikatio wazi juu ya meza. Isimamishe siga kichwa chini ndani ya tundu la kikatio hadi kiguse mbao: unene wa kikatio ndio unaokupimia kina, huwezi kuvuka bega hata mkono ukitetemeka. Funga nyembe hadi ziguse jani, usimame hapo, utazame kama siga imesimama wima. Kisha funga kwa mwendo mmoja. Ukisitasita katikati, nyembe zitararua. Kipande kinachobaki mezani kiwe mfano wa kifungo cha shati, bapa na chenye ukingo laini. Vuta hewa kabla ya kuwasha. Ukiona pumzi inakwama, nyoa nusu milimita nyingine.

Katikati ya jiji meza hiyo huipati. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma isipokuwa kwenye eneo lililotengwa, na maeneo hayo ni ya kusimama, yenye upepo na watu wanaopishana. Kwa anayekatia huko nashauri kikatio chenye kisogo, yaani kilichozibwa nyuma, kinachokiacha kichwa kiingie milimita 2 tu. Na sheria yenyewe ina sababu ninayoiheshimu. Siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayolingana na pakiti nzima ya sigara, na moshi wake huleta saratani ya mdomo na koo hata kwa asiyeuvuta hadi mapafuni. Siwezi kuandika ukurasa mzima kuhusu wembe nikanyamazia hilo.

Nyembe nazo huchoka. Utomvu wa tumbaku hugandamana ukingoni, na kitambaa chenye spiriti kila baada ya siku kadhaa huuondoa. Kikatio changu kilipoanza kuponda nilikipeleka Kawangware kwa fundi wa kunoa visu, yule anayekanyaga baiskeli iliyosimamishwa huku jiwe likizunguka mbele yake. Alikitoa vumbi kwa kidole gumba, akakisogeza karibu na jicho, akafunga na kufungua mara mbili.

"Hii siwezi kuigusa, mzee," akaniambia. "Imenolewa upande mmoja tu. Nikiipitisha kwa jiwe, hizi mbili hazitakutana tena."

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Nunua ingine. Hii utakatia uzi."

Hakutaka hela yangu, akavuta panga la mteja aliyekuwa nyuma yangu. Nimesoma maelezo mengi kuhusu vikatio, na sijapata yaliyoeleza vizuri hivyo kwamba nguvu ya nyembe mbili iko pale zinapokutana.

Siga nne zilizobaki za rafiki yangu tuliziweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na kifuko cha kudhibiti unyevu cha asilimia 69. Hatukuzigusa kwa wiki tatu. Machi tulipolifungua kopo, mvua ikiwa bado haijaanza na nyasi za Lavington zingali kahawia, nilikata ya kwanza nikampisha mwenyeji akate yake. Aliibonyeza kwa vidole viwili, ikarudi. Akalaza kikatio mezani, akaisimamisha, akainama hadi jicho likawa sawa na nyembe, akafunga. Kifungo cha jani kikabaki juu ya mbao. Akaipandisha siga kwenye mwanga, akaizungusha polepole akitafuta ufa, kisha akaipeleka mdomoni bila kuiwasha, akavuta hewa, na akairudisha mezani kunyoa nusu milimita.