"Jitahidi" Si Fundisho

Kijana mmoja, mjukuu wa jirani yangu hapa Ibadakuli, anasoma uhandisi wa majengo katika chuo kimojawapo nchini. Likizo iliyopita alinijia jioni akiwa na karatasi ndefu alizozikunja kwa kuziviringisha. "Shikamoo Babu. Naomba unisomee haya." Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mwalimu wa walimu, michoro ya nyumba siijui. Kumbe hakutaka nimsomee mchoro. Alitaka nimsomee maneno ya mwalimu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa ramani ya zahanati ya kujengwa huku kwetu Shinyanga. Pembezoni, kwa wino mwekundu, paliandikwa: "Dhaifu. Fikiria upya. Jitahidi." Chini yake palikuwa na alama, 42 kwa 100. "Nifikirie upya kitu gani, Babu?" akauliza. Kisha akaniambia kwamba anawaza kuacha masomo, amfuate binamu yake kwenye machimbo ya dhahabu Geita.

Ndugu msomaji, sina haraka ya kumlaumu mwalimu yule, kwa sababu maneno yale nayajua vizuri. Niliyaandika mwenyewe miaka mingi, nilipokuwa nikiwakagua wanachuo wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha. Nilikaa dawati la nyuma, nikajaza fomu, gari likinisubiri nje, na mwisho nikaandika "Jitahidi". Neno hilo lina sura ya upole na halimgharimu chochote mwandishi. Lakini mtu aliyekesha na kazi yake hajui ajitahidi wapi.

Tulitazame na hilo neno "Dhaifu". Ni nini kilicho dhaifu? Msingi, nguzo, mpangilio wa vyumba, au mchoraji? Mwalimu hakusema, kwa hiyo kijana alijijibu mwenyewe kwamba dhaifu ni yeye. Mwaka 1996 wataalamu Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizohusu maoni anayopewa mtu juu ya kazi yake. Katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo 607 waliyoyapima, maoni yalishusha kiwango cha kazi badala ya kukiinua. Walieleza kwamba maoni hupungua nguvu kadiri yanavyomwondoa mtu kwenye kazi na kumfanya ajifikirie nafsi yake. Ndivyo ilivyomkuta kijana wetu.

Asubuhi yake nilimpeleka kwenye nyumba moja ya jirani. Sehemu kubwa ya ardhi ya huku ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kusinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ile ilikuwa na ufa pembeni, mtu angeweza kupitisha vidole. Nikamwambia, "Fundi aliyeijenga alikuwa hodari. Mbona imepasuka?" Akautazama ufa, akatazama bati lililokuwa likimwaga maji ya mvua palepale ukutani, akainama akashika udongo. Alinyamaza kitambo. "Babu, mimi udongo sikuuuliza." Tuliporudi alifungua ramani yake. Msingi ulikuwa mfupi, wa kawaida, kama wa ardhi ya kichanga, na maji ya paa yaliangukia kando ya ukuta.

Naam, hapo kweli palikuwa na udhaifu, na mwalimu hakukosea katika alama. Alikosea kwa kuuona udhaifu na kuuacha bila kuutaja. Sentensi moja ingetosha: "Zahanati hii imekalia udongo gani, na maji ya paa yanakwenda wapi?" Maswali kama hayo si madogo katika usanifu. Beda Amuli alipolisanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, alilijibu swali la maji kwa paa lenyewe, lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa ili ikusanye mvua.

Wengi wanaoandika juu ya mafunzo ya usanifu hupenda mfano alioutoa Mmarekani Donald Schön katika kitabu chake The Reflective Practitioner cha mwaka 1983. Mwanafunzi aitwaye Petra amekwama. Shule anayoichora haikubali kukaa juu ya mteremko wa kiwanja. Mwalimu wake, Quist, anaketi naye, anatandika karatasi nyembamba juu ya mchoro wake, anachora huku akieleza. Ninausifu mfano huu kwa sababu mazungumzo yote yanahusu kiwanja na jengo, wala hapana "dhaifu". Lakini nina kasoro moja ya kuitaja. Mwalimu ndiye anayesema karibu muda wote, na penseli iko mkononi mwake. Sisikii Petra akiulizwa ameelewa nini. Mwanafunzi anaweza kuondoka na mchoro mzuri ambao si wake.

Wapo watakaosema nataka wanafunzi wabembelezwe. La hasha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu 36. Kazi hii haina nafasi ya sifa za uongo. Mwalimu awe mkali, ila ukali wake uangukie kwenye mchoro, utaje mahali, na uje mapema, wakati mchoro bado unaweza kubadilishwa. Maoni yanayokuja pamoja na alama ya mwisho ni rambirambi.

Kijana aliichora upya zahanati yake, ingawa alama haitabadilika. Safari hii alianza na shimo la kupima udongo, msingi ukafuata baadaye. Nikamshauri aupeleke mchoro huo kwa mwalimu wake na kumuuliza kwa adabu ni nini kingine alichokiona. Geita hakwenda. Alirudi chuoni.

Mimi nimebaki na deni langu. Walimu niliowaandikia "Jitahidi" wametawanyika katika shule nyingi, na nahofia kwamba hata leo wanaliandika neno hilohilo katika madaftari ya watoto.