Popo Asiye Mfano wa Mtu

Fasihi yetu imejaa wanyama, ila ukiwavua ngozi unakuta watu. Sungura ni mnyonge mwenye akili, fisi ni mlafi, simba ni mtawala. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ndugu wawili wanageuzwa manyani, na kila msomaji anajua kwamba habari yenyewe si ya manyani. Fortunatus Kawegere alipotuletea Shamba la Wanyama mwaka 1967, sidhani kama yupo aliyekinunua kitabu kile ili ajifunze ufugaji wa nguruwe. Sina ugomvi na mtindo huo. Umetulea. Ila yupo mnyama mmoja ambaye mtindo huo umemwumiza kweli kweli, na wiki hizi nimekuwa nasoma maandishi ya msichana wa kidato cha pili anayejaribu kumtoa humo.

Mnyama ni popo. Maandishi ni kaunta buku moja yenye jalada jeusi, iliyoandikwa Ilembula, wilaya ya Wanging'ombe, na binti wa dada yangu. Jina lake siliweki hapa kwa sababu bado mdogo, na kwa sababu ameniambia, "Mjomba, andika ya popo, ya kwangu acha." Najua wapo watakaouliza tangu lini daftari la mwanafunzi likafanyiwa uhakiki. Tunahakiki barua, tunahakiki tenzi zilizokaa sandukuni miaka mia, tunahakiki hata maneno ya kwenye khanga. Sioni kwa nini hili lisubiri.

Kwanza tukumbushane urithi wenyewe. Ile hadithi ya vita kati ya ndege na wanyama mnaijua. Ndege wakielekea kushinda, popo anaonyesha mabawa; wanyama wakielekea kushinda, anaonyesha meno. Mwisho pande zote zinamkataa, ndiyo maana anatoka usiku. Hadi leo mwanasiasa akihama chama mara mbili ataitwa popo, na mwenye kuitwa atajua ametukanwa. Kwa maoni yangu hadithi hiyo ina jicho zuri na hukumu mbaya. Aliyeitunga alimtazama popo vizuri sana. Aliona meno, aliona manyoya badala ya nyoya za ndege, pengine aliona mtoto ananyonya kwa mama yake, na bado kiumbe hicho kinaruka. Ni kweli tupu: popo ndiye mnyama anyonyeshaye pekee anayeruka hasa, siyo kule kuteleza hewani tu. Ilipofika zamu ya kusema ajabu hii ni nini, msimulizi akaiita unafiki.

Kitendawili kilimtendea haki zaidi. Kuna kile cha popo mbili zinazovuka mto, na jibu lake ni macho. Waliokitunga hawakuwa na habari za ule msemo wa Kizungu kwamba popo ni kipofu. (Si kipofu. Popo wala matunda wana macho makubwa na wanayategemea. Popo wadogo wala wadudu nao wanaona, ila usiku wanaongozwa zaidi na mwangwi wa sauti zao wenyewe, sauti za juu mno kwa masikio yetu.) Mpwa wangu amekinakili kitendawili hicho ukurasa wa pili, na mwalimu mmoja amepita na wino mwekundu akasahihisha "popo mbili" kuwa "popo wawili". Sarufi ya darasani inamuunga mkono mwalimu. Sikio langu liko na kitendawili.

Halafu kuna Pemba, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Mwanzoni mwa mwaka 1995, mwaka ambao Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, kisiwa kile kilishikwa na hofu ya Popobawa, jinamizi linalovamia watu wakiwa wamelala. Watu walilala nje, mbele ya nyumba, makundi makundi. Hofu ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, na ikarudi tena miaka iliyofuata. Wasomi wameandika mengi juu ya siasa ya hofu ile. Mimi nabaki na jina. Kati ya viumbe vyote, neno lililochukuliwa kubeba hofu hiyo ni popo, na limechukuliwa katika kisiwa chenye popo ambaye hapatikani kokote kwingine duniani.

Huyo ni popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, mwenye manyoya mekundu ya kahawia, uso kama wa mbweha, na mabawa ambayo yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu. Waliwindwa kwa nyama, misitu ikakatwa, na mwaka 1996 akaorodheshwa duniani kama aliye katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kisha wanakijiji wenyewe, Kidike na kwingineko, wakaunda vikundi vya kulinda miti wanamolala. Shule zikafundisha. Mgeni akitaka kuwaona analipa ada kidogo kijijini. Baada ya miaka kumi na kitu makadirio yakapita popo 20,000, na daraja lake la hatari likashushwa. Yaani kisiwa kimoja, miaka ile ile, kinamkimbia popo wa jina na kinamlinda popo wa mtini. Nangoja riwaya ya Kiswahili itakayoyashika yote mawili kwa mkono mmoja.

Sasa daftari. Ilembula hakuna popo wa mabawa mita moja na nusu. Kuna popo wadogo wanaokaa chini ya bati la jengo moja la zamani, kati ya kenchi na dari, wanaotokea kwenye mwanya wa ubao wa pembeni. Msichana anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ng'ambo ya barabara, anahesabu. Kurasa nyingi ni hivyo tu: tarehe, saa aliyotoka wa kwanza, idadi, hali ya hewa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, 212. Upepo kutoka Usangu, 187. Mvua, 9, "wengine wamechungulia wakarudi." Sentensi hiyo ya wengine kuchungulia nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri kwenye blogu ya fasihi. Haisemi popo ni waoga, wala haisemi wana busara. Wamechungulia wakarudi.

Nguvu ya daftari lote iko hapo. Halimtumii popo kusema jambo la binadamu. Hata anaposhangilia, na anashangilia sana maana ana miaka kumi na tano, shangwe inaelekezwa kwenye kitu alichokiona: jinsi anayetoka anavyodondoka kwanza kabla ya kukunjua bawa, jinsi nondo kwenye taa ya dukani wanavyojiangusha chini ghafla popo akipita. Mwandishi mzoefu angeshaweka tashibihi tatu.

Udhaifu upo. Kurasa za katikati zimeandikwa kwa lugha ya vipeperushi, popo ni rafiki wa binadamu, tutunze mazingira, na kadhalika. Unasikia kabisa sauti si yake. Anasema popo wanakula wadudu waharibifu, sawa, lakini Ilembula ni nchi ya mahindi na kila mkulima pale ameshapambana na viwavijeshi. Nilitaka aseme kwamba kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, na kwamba nondo huruka usiku, saa za popo. Amekaa na mzigo huo mkononi akaupita. Vilevile amewasahau walaji wa matunda, ambao wenyewe hubeba mbegu za mikuyu na mivule mbali na mti mama, na hutembelea maua ya mbuyu usiku yakiwa yamefunguka. Msitu una deni kwao.

Ukurasa niliouheshimu kuliko wote ni ule wa ugonjwa. Mwezi Machi 2023 Marburg ilitangazwa Kagera, ikatangazwa tena mkoa ule ule Januari 2025, na redioni likatajwa neno popo. Mpenzi wa popo angeweza kuruka habari hiyo. Yeye ameiandika: kwamba popo wanaojulikana kubeba kirusi kile ni wala matunda wa mapangoni, kwamba wa kwake ni aina nyingine, lakini hata hivyo hawashiki, hagusi aliyeanguka, na hapandi darini. Kisha ameandika, bila kupaka rangi, kwamba bibi yake anaogopa na ana haki ya kuogopa.

Mimi ningemwongezea habari ya Kitaka, Uganda. Mwaka 2007 wachimba madini waliugua Marburg katika mgodi uliokuwa na popo wapatao laki moja. Mwaka uliofuata popo wale wakaangamizwa. Wakarudi, wachache kuliko mwanzo, na mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka Ibanda, mji ulio kama kilomita ishirini tu kutoka hapo. Watafiti walipopima popo waliorudi, walioambukizwa walikuwa zaidi ya mara mbili kwa uwiano kuliko kabla ya kuuawa. Habari kama hiyo inafaa kusomwa na kila anayeshika moto na moshi kwenda darini.

Na moshi ndio uliolizaa daftari hili. Wasimamizi wa jengo wanataka kuziba mwanya. Wana sababu: kinyesi kinanuka, dari limeoza pembe moja, na watu wanakaa chini yake. Walipanga kuifanya kazi hiyo Novemba. Msichana ameandika kurasa nne za mwisho kwao, akianza na shikamoo za kutosha, akaeleza kwamba jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwamba watoto wa mwaka huu hawajaweza kuruka, na kwamba mwanya ukizibwa sasa watafia ndani na harufu itakuwa mbaya kuliko hii. Anaomba wasubiri hadi Machi, kisha wazibe jioni baada ya wote kutoka. Hakuomba popo wabaki. Hapo nilisimama. Mwenye mapenzi yake angeomba kila kitu. Yeye ameomba miezi minne, kwa hoja ambayo hata asiyempenda popo anaweza kuikubali. Katika insha za ushawishi nilizosahihisha miaka yote hii, ni chache zilizomjua msomaji wake namna hiyo.

Wazee wamelichukua daftari walisome. Mmoja, nimeambiwa, amesema binti ana hati nzuri, basi; mwingine ameuliza Machi tarehe ngapi. Mashine ya fotokopi ya pale haikuwa na umeme siku niliyopita, kwa hiyo nilichonacho ni picha za simu za kurasa thelathini na moja, baadhi zimeingia kivuli cha kidole changu. Ukurasa wa mvua unasomeka vizuri.